Je, Mtoto Mchanga Awekewe Saa?

Katika mkutano wa Umoja wa Mama uliopita, mama mmoja kijana, ambaye mtoto wake alikuwa na majuma matatu, alisimama akauliza swali lisilokuwamo katika ajenda. "Shikamooni mama zangu. Je, ni vibaya nikimnyonyesha kila anapolia?" Kisha akaketi upesi, akamfunika mtoto kwa khanga kama mtu aliyeona haya. Jirani yake alikuwa amempa karatasi yenye saa za kunyonya na saa za kulala, akamwambia kwamba mtoto asiyezoezwa utaratibu tangu siku za kwanza atakua mkaidi, naye mama atakuwa mtumwa wake. Kwa siku nne alijaribu kuifuata karatasi ile. Mtoto alilia hata sauti ikamkauka, na mama aliketi kitandani akiitazama saa na kulia pamoja naye, huku maziwa yakimtiririka.

Walijibu watu watatu kwa mara moja, wala hawakupatana. Mmoja alisema samaki mkunje angali mbichi. Wa pili alisema, "Mwanangu, mtoto ana njaa, nawe wamwonyesha saa?" Wa tatu, ambaye ni muuguzi mstaafu, aliomba nafasi ya kueleza, lakini muda ulikuwa umekwisha, ikabidi tufunge kwa sala. Tuliahidi kulijibu swali hilo katika gazeti letu, nasi twafanya hivyo sasa.

Wapendwa, mama yule hakuuliza habari za maziwa tu. Aliuliza kama huruma yake ni udhaifu, na kama kumwitikia mtoto aliaye ni kumharibu. Maana sisi tumefundishwa kujikana nafsi na kupenda utaratibu, na mtu mwenye dhamiri nyepesi aweza kudhani kwamba lile jambo gumu zaidi ndilo lililo jema zaidi. Hapo ndipo alipokwama.

Karatasi ile ina ukoo mrefu. Huko New Zealand, mwaka 1907, daktari Truby King alianzisha chama cha kuwasaidia mama na watoto wachanga, nacho kikaja kujulikana kwa jina la Plunket. Daktari huyo alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, na katika shamba la hospitali alikuwa amejifunza namna ya kulisha ndama wakanawiri. Aliwafundisha mama kunyonyesha kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, na usiku kutonyonyesha kabisa. Tusimdharau. Alihimiza sana maziwa ya mama na usafi katika siku ambazo watoto wengi walikufa kwa kuhara, na wengi walimshukuru. Lakini saa yake ilisafiri mbali kuliko mashauri yake mengine. Ilienea Uingereza, na katika vitabu vya wauguzi ikaja hata kwetu. Wazee miongoni mwetu wakumbuka kliniki walikoambiwa, "Mnyonyeshe kila saa nne," na bibi mmoja akauliza kwa adabu, "Saa nne ya asubuhi au ya usiku?" Tulicheka sana tulipoisikia hadithi hiyo. Lakini ukiifikiri, bibi yule aliuliza swali la mtu mwenye akili, kwa kuwa hakuwa amepata kusikia kwamba njaa ya mtoto ina saa.

Muuguzi wetu ametueleza mambo ambayo tungependa kila nyumba iyajue. Tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni dogo sana, na maziwa ya mama huyeyuka upesi ndani yake. Kwa hiyo mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 katika mchana na usiku, tena si kwa nafasi zilizo sawa. Mara nyingine atanyonya mara tatu katika muda mfupi, kisha alale usingizi mrefu. Hajui bado mchana wala usiku. Hujifunza tofauti hiyo pole pole, yapata mwezi wa pili au wa tatu. Na maziwa yenyewe hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Titi linalonyonywa mara nyingi hujaa, nalo linalongojeshwa hupunguza kazi yake. Basi mama anayemngojesha mtoto ili afuate karatasi aweza kupungukiwa maziwa, kisha akaambiwa kwamba maziwa yake hayatoshi, akanunua ya kopo. Mambo haya si siri ya wataalamu wachache: Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hatua kumi za kusaidia unyonyeshaji mwaka 1989, moja ilikuwa kumnyonyesha mtoto kila atakapo, na walipozitengeneza upya mwaka 2018 waliwataka wauguzi wamsaidie mama kuzitambua dalili za mtoto na kuzijibu. Kulia ni dalili ya mwisho. Kabla ya kulia mtoto hugeuza kichwa, hufungua kinywa, hunyonya mkono wake.

Hata hivyo kuna watoto ambao saa ni rafiki yao. Mtoto aliyezaliwa mdogo, au aliyegeuka rangi ya manjano, aweza kulala mno asiombe kitu, na mama akafurahi kwamba amepata mtoto mpole. Huyo aamshwe anyonye, zisipite saa tatu. Na mtoto anayekataa kunyonya, au aliyelegea, au mwenye homa, au anayepumua kwa haraka, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Mwaona tofauti. Saa hiyo humlinda mtoto asisahauliwe. Ile ya karatasi ilikuwa imewekwa mlangoni ili kumzuia asiingie.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba kilio cha mtoto ni ukaidi. Wanaye shahidi mkubwa, nao hawana habari. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake, ajiuliza kama alikosa alipokuwa akililia titi kwa pupa. Twaamini, kama Kanisa letu linavyofundisha, kwamba mwanadamu huzaliwa na upungufu wa asili, wala hatutaki kusema kwamba mtoto mchanga ni malaika. Lakini someni hadi mwisho! Augustino huyo huyo asema kwamba hakuna aliyemkemea, wala desturi wala akili haikuruhusu akemewe, kwa sababu asingeweza kuelewa kemeo. Na ukurasa uliotangulia amekwisha kumshukuru Mungu kwa maziwa yale, akisema kwamba ni Mungu aliyeyatoa kwa mkono wa mama na walezi. Mtu aliyetafuta dhambi hata katika utoto wake mwenyewe hakupata sababu ya kumwadhibu mtoto mchanga.

Adhabu isiyoeleweka haifundishi utii. Mtoto wa majuma matatu akiachwa alie, hajifunzi subira, maana subira ni kungoja kitu unachojua kitakuja. Yeye hajui. Mithali ya samaki twaipenda nasi, lakini hakuna mvuvi akunjaye mayai ya samaki. Wakati wa kukunja utakuja: mtoto wa miezi kadhaa aweza kuzoezwa saa ya kulala kwa upole, na wa miaka miwili aweza kuambiwa ngoja. Hatusemi watoto wasilelewe kwa utaratibu. Twasema mchanga bado.

Mafundisho haya yamewahi hata kuvikwa joho la dini. Huko Marekani yalifundishwa katika madarasa ya wazazi makanisani, na mwaka 1993 kikatoka kitabu cha Gary Ezzo na daktari Robert Bucknam, On Becoming Babywise, ambacho kilienea sana. Aprili 1998 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kilitoa onyo kwamba mipango ya kulisha iliyopangwa na wazazi yaweza kumfanya mtoto mchanga apungukiwe maji mwilini na kutoongezeka uzito. Twataja habari hii kwa sababu moja tu. Mtu akija kwako akisema kwamba Mungu ni Mungu wa utaratibu, na kwa hiyo mwanao anyonye saa sita kamili, mwulize utaratibu wa nani.

Maana sisi Waanglikana ni watu wa ratiba, hilo hatulikani. Tuna kengele, tuna kalenda, tuna Sala za Asubuhi na Jioni, na Padre akichelewa dakika kumi twanung'unika. Lakini tazameni Kanisa linavyofanya kwa walio dhaifu. Mgonjwa asiyeweza kuja haambiwi angoje apone. Ushirika Mtakatifu hupelekwa kitandani kwake. Anayekufa akimwita Padre usiku wa manane, Padre huamka. Na mtoto mchanga aliye katika hatari ya kufa hangojei Jumapili, wala wazazi wa ubatizo, wala Padre mwenyewe. Mkristo yeyote aliye karibu, hata mkunga, aweza kumbatiza kwa maji katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na ubatizo huo ni kamili. Ikiwa Kanisa huvunja ratiba yake yote kwa ajili ya mtoto wa siku moja katika jambo lililo kuu kuliko yote, je, sisi tutashika saa juu ya maziwa?

Hapo twadhani swali la mama yule limejibiwa: si vibaya. Mnyonyeshe, mwanetu.

Lakini tungeishia hapo tungekuwa tumetenda nusu ya haki. Jirani aliyempa karatasi hakuwa mkatili. Alilea watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, mume akiwa safarini, hana mama wala dada karibu, naye alikaribia kuugua kwa kukosa usingizi. Karatasi ile ndiyo msaada pekee aliopata, akaitoa kwa jirani kwa moyo wa wema. Kumwambia mama wa namna hiyo "mwitikie mtoto kila saa", kisha tukaenda zetu kulala, ni kumtwisha mzigo tusiougusa hata kwa kidole.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Walikuwa na ratiba kwa habari ya mtoto mchanga, tena kali, lakini ilikuwa juu ya watu wazima. Mama alikaa ndani siku arobaini. Bibi alikuja na mkeka wake. Huyu alipika uji, yule alichota maji, mwingine alifua, mwingine alimpokea mtoto alfajiri ili mama apate usingizi kidogo. Mama alikuwa na kazi mbili tu, kunyonyesha na kupata nguvu. Kanisa nalo lahesabu siku arobaini kutoka Krismasi mpaka Februari 2, siku Bwana wetu alipoletwa Hekaluni mikononi mwa mama yake. Siku hizi bibi yuko kijijini, nasi tuko mjini, na yule anayejifungua Jumatatu twamkuta Ijumaa akifua mashuka peke yake.

Serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akizaa mapacha, na akirudi kazini apewe nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Baba naye hupata siku 3. Mama auzaye samaki sokoni, aliyejiajiri mwenyewe, hana likizo wala saa mbili. Na dada wa kazi je? Baadhi yetu tuketio viti vya mbele tumewaajiri wasichana hao majumbani mwetu. Akizaa mmoja wao, ni nani anayempangia mtoto wake saa za kunyonya, kama si sisi, kwa saa za kazi tunazompa? Swali hili halikuulizwa mkutanoni. Twaliuliza sisi.

Na akina baba mlioisoma habari hii mkidhani haiwahusu: hamwezi kunyonyesha, lakini nepi hazichagui mkono.

Mama aliyeuliza swali ameitupa karatasi. Mtoto amepimwa, ameanza kuongezeka uzito. Lakini yeye bado amechoka, mumewe hufanya kazi ya usiku, na siku arobaini zake bado hazijaisha. Kamati ya Umoja wa Mama imeweka daftari juu ya meza iliyo karibu na mlango wa kanisa, nalo limepigwa mistari ya siku saba, asubuhi na jioni. Anayeweza kupika, kufua, au kumshika mtoto kwa saa mbili mama alale, aandike jina lake. Jumapili iliyopita yaliandikwa majina manne, yote ya wanawake. Jumatano na Ijumaa jioni hazina mtu bado.