Tumbo Kubwa Kuliko Miezi Yake

Katika miji yetu ya pwani harusi huisha kwa siku chache, lakini wako watu wasioacha kuihesabu. Fungate ikimalizika, hesabu huhamia uani na barazani: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na jicho li juu ya kanga ya mwanamke. Tumbo likikawia, yasemwa kuwa ni tasa. Likitokeza mapema, yasemwa yale ambayo kalamu yaona haya kuyaandika. Twataka kulitazama hili la pili. Je, mtu akiona tumbo kubwa kuliko siku anazozijua yeye, ana haki ya kukata shauri gani?

Wapo wajibuo upesi kwamba macho hayadanganyi. Hao twawauliza: macho yameona nini? Katika wiki 12 za mwanzo mji wa mimba bado umo ndani ya nyonga. Mkunga hodari huanza kuugusa juu ya mfupa wa kinena yapata wiki ya 12, nao haufiki kitovuni mpaka karibu wiki ya 20. Basi tumbo litokezalo mwezi wa pili mara nyingi si mtoto. Ni gesi na choo kilichokawia, kwani mimba huyalegeza matumbo yakafanya kazi polepole. Na aliyekwisha kuzaa hutokeza upesi kuliko mwenye mimba ya kwanza, kwa kuwa misuli yake imekwisha kunyooka.

Ama hesabu ya kliniki, hiyo ndiyo iliyowapoteza wengi. Mwanamke huulizwa siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na mimba huhesabiwa tangu siku hiyo, ingawa kwa kawaida hutunga kiasi cha wiki mbili baadaye. Hufanywa hivyo kwa sababu siku ya hedhi mwanamke aweza kuikumbuka, na siku ya kutunga mimba aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Sasa tuseme mume alikuwa kazini Maskati mwaka mzima, akarejea, na mkewe akashika mimba siku zile zile za kurejea. Wiki sita zikipita, kadi ya mke itaandikwa mimba ya wiki 8. Mavyaa aisomaye kadi ile bila kujua kanuni yake aona wiki mbili zisizo na mume ndani. Lakini wiki hizo hazina mimba pia! Ni wiki za kalamu tu, na talaka yaweza kuandikwa kwa ajili yake.

Kliniki huhesabu wiki 40, yaani siku 280. Mwenye kuzigawa kwa nne hupata miezi 10, akazidi kutia shaka. Ondoa zile wiki mbili, zitabaki siku 266, na kwa mwezi mwandamo hizo ni miezi 9 barabara. Bibi zetu waliohesabu kwa kuandama mwezi hawakuwa wajinga kama wadhaniavyo wajukuu wao wenye simu.

Ziko sababu nyingine za tumbo au kipimo kupita hesabu. Mwanamke aweza kuona damu kidogo katika mimba changa akaidhani ni hedhi, na hesabu yake ikapungua mwezi mzima. Kisha altrasaundi ikamwambia mtoto ni mkubwa kwa wiki nne. Wako ambao mzunguko wao ni mfupi, nao hushika mimba mapema kuliko kanuni. Huenda wakawa mapacha. Huenda kukawa na uvimbe katika mji wa mimba uliokuwapo tangu zamani. Hata hiyo altrasaundi, ambayo katika miezi mitatu ya mwanzo ndiyo kipimo kilicho bora, yaweza kukosea kwa siku tano mpaka saba, na madaktari wakubali. Jirani wa uani hakubali kukosea hata siku moja.

Sheria yetu nayo ilikwisha kulitazama jambo hili zamani. Katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, mimba na kunyonyesha vimewekewa miezi 30 kwa pamoja. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14, kuachishwa ziwa ni katika miaka miwili. Toa 24 katika 30, hubaki sita. Hivi ndivyo ilivyopokewa kuwa Sayyidna Ali alivyompinga Khalifa, aliposhitakiwa mwanamke aliyezaa kwa miezi sita akahukumiwa kwa zina. Wapokezi wamehitilafiana: wengine wataja zama za Sayyidna Umar, wengine za Sayyidna Uthman, na wako wamtajao Ibn Abbas kuwa ndiye aliyetoa hoja. Katika upokezi wa Imam Malik ndani ya Muwatta, Sayyidna Uthman aliikubali hoja akatuma mtu amrudishe yule mwanamke. Mjumbe alikuta amekwisha kupigwa mawe.

Msomaji na asimame hapo kidogo. Walikuwa watu wa karne bora, hakimu wao ni Khalifa mwongofu, na hesabu ya miezi ilimwua mwanamke ambaye Kitabu kilikuwa na hoja ya kumwokoa. Sisi twahesabu kwa vidole huku tukimenya vitunguu.

Atasema mtu: basi tufumbe macho, kila tumbo lipite? La. Mpaka uko, ni miezi sita tangu wawili hao kuweza kukutana katika ndoa, na mwenye neno amwendee kadhi. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki huweza kuihesabu mimba ya asiye na mume kuwa ushahidi. Mashafii, ambao ndio wengi wa pwani hii, hawaikubali peke yake hata hapo. Sembuse mimba ya mke wa mtu! Amtuhumuye mwanamke mwenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne, adhabu yake imo katika Sura ya An-Nur. Na alipokuja bedui kwa Bwana Mtume (s.a.w.) akimtilia shaka mkewe kwa kuwa mtoto kazaliwa mweusi, aliulizwa habari za ngamia wake: je, hapana kati yao wa rangi ya majivu, na rangi hiyo imetoka wapi? Bedui akajibu mwenyewe kuwa huenda ni asili ya nyuma imevuta. Hakuruhusiwa kumkana mtoto.

Liko dhara jingine, nalo ni la mwili. Mwanamke aogopaye ndimi hufanya mawili: hulificha tumbo ndani ya buibui asiende kliniki, au huenda akadanganya siku ya hedhi yake ili ilingane na nikaha. Tarehe ikiwa ya uongo, mtoto aliyetimia atadhaniwa njiti, na njiti atadhaniwa ametimia. Na iko mimba iitwayo mimba zabibu, ambayo mara nyingi haina mtoto ndani yake, na mji wa mimba waweza kukua upesi kuliko miezi yake. Huja na damu, na mara nyingine kutapika kulikopita kiasi. Hiyo yataka hospitali, isafishwe, na damu ya mwanamke ipimwe tena na tena, kwani zipo zinazogeuka kuwa saratani. Ikijulikana mapema hutibika vizuri.

Kwa hiyo mavyaa ambaye jicho lake limekwisha kuona tumbo limezidi, maswali ya kumwuliza mkaza mwana anayo: ameona damu? Anatapika mpaka maji hayakai? Ana maumivu? Na kama nauli ya kwenda kupimwa haipo, ni nani wa kuitoa ikiwa mume yuko safarini?