Mwenye Mtaa Ni Nani?

Katika mji wa London, upande wa mashariki, pana mtaa uitwao Spitalfields, na ndani yake barabara iitwayo Brick Lane. Kando ya barabara hiyo limesimama jengo la matofali lililojengwa mwaka 1743. Kwanza lilikuwa kanisa la Waprotestanti waliotoka Ufaransa. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi. Na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa Waislamu waliotoka Bengali. Kuta ni zile zile, bali wasalio ndani wamebadilika. Juu ukutani pana saa ya jua, yenye maneno ya Kilatini yawakumbushayo wapitao kwamba wanadamu tu kivuli.

Basi, ndugu msomaji, tuulizane: mwenye mtaa kama huo ni nani? Ni yule aliyetangulia kufika, au yule akaaye humo leo?

Wafaransa wale hawakuhama kwa kupenda safari. Mwaka 1685 mfalme wao, Louis wa 14, alitangua amri iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu kwa namna yao, nao wakakimbia kwa maelfu. Wengi waliokaa Spitalfields walikuwa mafundi wa kufuma hariri. Wenyeji wengine waliwahurumia. Wengine walinung'unika kwamba wageni wanawanyang'anya kazi.

Zikapita karne mbili. Mwaka 1881 mfalme wa Urusi, Alexander wa 2, aliuawa, na katika ghasia zilizofuata Wayahudi walipigwa na mali zao ziliporwa. Wengi wakavuka bahari, wakaja kushona nguo katika mtaa ule ule. Manung'uniko ya kale yakaamka. Mwaka 1901 kilianzishwa chama cha kuwapinga, na mwaka 1905 Bunge likatunga sheria ya kuzuia wageni maskini wasiingie nchini.

Hatimaye wakaja watu wa Sylhet, nchi ambayo leo ni sehemu ya Bangladesh. Wa kwanza walikuwa mabaharia katika meli za Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja wengi zaidi, na wengi wao wakashika kazi ile ile ya cherehani. Tarehe 4 Mei 1978 kijana mmoja mshona nguo, Altab Ali, alichomwa kisu kwa chuki ya rangi alipokuwa akirudi kutoka kazini, akafa. Siku kumi baadaye maelfu ya watu walifuata jeneza lake kwa miguu mpaka katikati ya mji.

Mtu atasema, "Lakini manung'uniko ya wenyeji si uongo mtupu." Ni kweli. Watu wakizidi, vyumba hupungua na kodi hupanda, na tajiri humpata mtu wa kukubali ujira mdogo. Aumiaye ni maskini aliyetangulia, wala si haki kumwambia kwamba hana neno la kusema. Walakini na tupime. Aliyepandisha kodi ni nani? Ni mwenye nyumba. Aliyepunguza ujira ni nani? Ni mwenye kazi. Mgeni hakupanga bei hata moja. Yeye naye yalipa kodi ile ile kwa ujira ule ule. Hivyo mwenye njaa humpiga mwenye njaa mwenzake, na yule awakosaye wote wawili hulala salama.

Wako waliolitambua jambo hili. Tarehe 4 Oktoba 1936 Oswald Mosley alitaka kupita na wafuasi wake wenye mashati meusi katika mitaa ya mashariki, ili kuwatisha Wayahudi. Katika Cable Street, si mbali na Spitalfields, Wayahudi pamoja na wachukuzi wa bandarini wenye asili ya Ireland walifunga njia, hata maandamano yakageuzwa. Watu wa Ireland nao walikuwa wamedharauliwa siku nyingi kwa ugeni wao. Wangaliweza kusema, "Zamu yetu imepita, leo ni zamu ya wengine." Lakini wengi waliosimama pale hawakusema hivyo.

Torati yawaamuru Waisraeli kumpenda mgeni. Sababu itajwayo si kwamba mgeni ni mwema, bali kwamba wao wenyewe walikuwa wageni katika Misri. Kumbukumbu hiyo hairithiwi pamoja na damu. Mtoto asipofundishwa, hudhani kwamba nyumba ilianza na baba yake.

Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia methali hii kumkemea mvivu. Lakini fikiri: apewaye jembe hupewa na mahali pa kulima. Amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani.

Hata vijijini mwetu wako waitwao "watu wa kuja," ingawa babu zao wamezikwa katika udongo huu. Basi kabla hujamwambia mwenzako kwamba hapa si kwao, nenda kwa mzee wa ukoo wako, umwulize: sisi tulitoka wapi, na siku tulipofika ni nani aliyetupa maji?