Nyumba Isiyodumu

Mwalimu aliyebandua mchoro wangu kwenye maonyesho ya darasa hakukosoa mistari yake wala vivuli. Siku hiyo tulishinda Mji Mkongwe, Zanzibar, ninakosoma, tukichora majengo ya kihistoria. Kando ya mchoro wa Beit-al-Ajaib nilibandika ule wa nyumba ya bibi yangu kule Nyakiyumbu, karibu na Bwera, Uganda: fito, udongo, paa la nyasi. Akasema ile si historia, kwa sababu nyumba za namna ile hazidumu.

Jengo la kihistoria ni lile lililobeba kumbukumbu za watu. Maana hiyo naikubali. Ninachokikataa ni hilo la kudumu.

Beit-al-Ajaib ilijengwa 1883 na Sultani Barghash kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, Kampala, ilijengwa 1882 kwa miti, matete na nyasi. Iliteketea Machi 2010, nayo ikajengwa upya. Zimepishana mwaka mmoja. Ipi imedumu? Nyasi za Kasubi zilibadilishwa tena na tena, na kuziezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wanaorithishana ujuzi huo. Hata ukuta wa mawe usiposiribwa, mvua huupenya na kuula. Hakuna jengo linalojitunza. Basi anayesema udongo haudumu anasema, hata kama hakukusudia, kwamba waliokuwa wakiukanda na kuukandika hawahesabiki. Kwetu Rwenzori, watu walijitangazia uhuru 1962 kwa jina la Rwenzururu, Isaya Mukirane akiwaongoza kutoka milimani, na harakati zao zikaendelea miaka 20. Historia hiyo nzima ilikosa pa kukaa kwa kuwa haikuwa na kasri la mawe?

Wapo wanaouliza tutahifadhi nini ikiwa kila kibanda ni historia. Swali hilo ni la haki. Wengine husema nyumba ya bibi haina mwaka ulioandikwa, na ni kweli.

Hata hivyo, tofauti ya jumba na kibanda si kubwa hivyo. Mimi hupenda kuchora dari kuliko milango ya nakshi inayopigwa picha na kila mgeni. Dari za Mji Mkongwe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kikomo cha urefu. Ndiyo maana hata vyumba vya matajiri ni virefu na vyembamba. Mti wa pwani ndio uliompimia mfanyabiashara upana wa sebule yake. Huko juu, ndani ya jumba la mawe, nakuta miti mitupu kama ya kwetu.

Lakini bibi mwenyewe anataka mabati. Amechoka kutafuta nyasi, na mvua za Rwenzori hazimsubiri. Akiezeka mabati, ujuzi nilioutetea hapa utakatika kwa hiari ya mwenye nyumba, na siwezi kumwambia aloe ili mchoro wangu upate hoja. Je, itakuwa nyumba ileile? Nimewauliza wenzangu darasani. Kila mmoja ana jibu lake, na bado hakuna lililoniridhisha.