Mtoto Asemaye Moyoni Si Msichana

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Pasiansi, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza. Baba ni mvuvi, mama huanika dagaa. Binti yao wa miaka 14, baada ya kukataa gauni la Jumapili kwa mwezi mzima, amwambia mama yake jikoni: "Mama, mimi moyoni si msichana." Twajua yafuatayo katika nyumba nyingi: fimbo, kisha mganga, na mwisho mtoto kuambiwa atoke. Je, ni haki?

Yafaa kwanza tusichanganye mambo. Msichana apendaye suruali au kazi za nguvu hajasema neno lolote juu ya nafsi yake. Hapo hapo Pasiansi pana chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966. Wasichana nao huhitimu humo uaskari wa wanyamapori, na hakuna awaitaye wanaume. Upande wa Mara, Wakurya wanayo desturi ya nyumba ntobhu: mwanamke asiyepata mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto wazaliwao huhesabiwa wa nyumba yake. Bibi huyo hushika cheo cha mume, lakini abaki mwanamke machoni pa wote. Desturi hiyo hatuisifu. Twaitaja kwa kuwa yaonyesha jinsi wazee walivyojua kutenganisha kazi ya mtu na mwili wake.

Wako pia watoto ambao mwili wenyewe una utata, ndio mahuntha. Mwaka 2009 alizaliwa mmoja Nairobi, na katika karatasi zake, mahali pa kuandika kama ni wa kike au wa kiume, iliandikwa alama ya kuuliza. Mama yake hakunyamaza. Alifungua kesi kwa niaba ya mwanawe, na Desemba 2014 Mahakama Kuu iliitaka serikali ieleze ni nani atakayekusanya habari za watu wa namna hiyo, na sheria ya kuwalinda imefikia wapi. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 walihesabiwa 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 yawataja.

Binti wa Pasiansi hayumo katika hao. Mwili wake ni dhahiri, naye asema moyo haupatani nao. Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo mzazi hudhani hana budi kuamua jambo zima usiku uleule. La hasha! Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliacha kuihesabu hali hii kuwa ugonjwa wa akili. Basi mtoto si kichaa. Nako Uingereza, mwaka 2024, uchunguzi ulioongozwa na daktari Hilary Cass uliona kwamba ushahidi wa kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe ni dhaifu. Basi haraka nayo haina faida. Wako watoto ambao hali hiyo hupita, na wako ambao haipiti. Mama hawezi kujua leo wake ni yupi.

Wengine watasema kwamba kumsikiliza ni kumkubalia. Sivyo. Kanisa halikubali kwamba mtu ajiumbe upya apendavyo. Waraka wa Roma wa mwaka 2024 juu ya heshima ya mwanadamu wasema wazi kwamba mwili ni zawadi. Lakini Oktoba 2023, Roma hiyohiyo ilimjibu Askofu mmoja wa Brazili kwamba hata watoto na vijana wenye mashaka ya namna hii, wakiwa wametayarishwa vema na wakitaka wenyewe, waweza kubatizwa. Ikiwa mlango wa Kanisa haukufungwa, mlango wa nyumba ya Pasiansi wafungwaje? Afukuzwaye usiku ataishia mwaloni Kirumba au stendi ya mabasi. Huko hakuna atakayemwuliza habari za moyo wake. Wako watakaoutaka mwili wake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Twakiri kwamba mama wa Pasiansi hataisoma jikoni. Lakini anayo lugha yake, na Kiswahili kimemsaidia kuliko lugha nyingi, maana neno "mwanangu" halimlazimishi kuchagua. "Nimekusikia, mwanangu. Sijaelewa. Kaa ule." Aweza hata kumwambia kwamba hakubaliani naye, mradi amwambie akiwa mezani, si akiwa mlangoni. Na habari hiyo asiipeleke katika jumuiya ndogondogo ili iombewe kwa sauti kubwa. Mtoto aliyemwamini mama mmoja hakuwaamini majirani ishirini.

Kwa baba kuna ugumu zaidi, kwani wenzake mwaloni watacheka, na aibu humwuma mwanamume kabla hajafikiri. Basi mama amwambie akiwa ametulia, asimwambie usiku arudipo amechoka. Na shangazi akiuliza Jumapili kwa nini mtoto amevaa suruali, ajibiwe kwamba mtoto amekuja Misani, kisha asogee kidogo mtoto apate pa kukaa.