Mtoto Mtiifu Naye Afunzwe Kukataa

Ukisafiri kati ya Kitale na Bungoma katika Agosti ya mwaka wa tohara, 2024 kwa mfano, na tena 2026, utakutana nao barabarani pale Kimilili au Chwele: vijana wa Kibukusu wakipiga njuga, wanakwenda kualika jamaa. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni. Baada ya tohara huja khubita, mawaidha. Mojawapo ni kwamba mlango ulio wazi ni wako, uliofungwa si wako, usiuingie.

Nayapenda mawaidha hayo kwa sababu hutolewa waziwazi, na mtu mzima, kwa kijana anayeacha rika moja na kuingia jingine. Ila huwafikia wavulana tu, nayo humfunza mtu kuheshimu mlango wa mwenzake. Ni nani anayemwambia kijana, wa kike au wa kiume, kwamba yeye pia ana mlango wake, na kwamba hata mkubwa anaweza kufungiwa nje?

Nauliza kwa sababu Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia Gredi ya 10. Miaka yao mitatu ya sekondari msingi waliisomea katika ua wa shule ya msingi, na wengi walilala kwao kila siku. Sasa kuna wanaotoka Kiminini na sanduku, wanapanda matatu hadi bweni ambalo hawajawahi kuliona. Wazazi huhangaika, na kwa haki, kuhusu godoro, sare, karo, na iwapo mtoto achukue sayansi, masomo ya jamii au sanaa na michezo. Orodha ya shule ina ndoo na blanketi. Somo la kujua kusema hapana halimo.

Likizo zikifika huwa naketi na vijana wa Gredi ya 9 katika kumbi za makanisa, Kitale na Bungoma. Kuhusu mgeni mwenye peremende wameambiwa tangu chekechea. Ninachowaeleza mimi ni habari ya wanaowajua: mwendesha bodaboda anayembeba msichana bure kila jioni mahindi yakiwa marefu, binamu aliyekuja kukaa, mwalimu anayetaka kuonana na mtu mmoja baada ya masomo, mwanafunzi mkubwa bwenini. Hawa wote hufaidika na ile adabu tunayoisifu, kwamba mtoto mwema hamjibu mkubwa. Basi tunasimama na kufanya mazoezi ya kusema: "Hapana, sitaki," kwa sauti. Mwanzoni wananong'ona. Wavulana hucheka, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mvulana akidhulumiwa huona kusema ni kuvuliwa uanaume.

Nawaambia pia sheria, maana wanayo haki ya kuijua. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikubali kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 "aliridhia" kumkubali mtu mzima. Aliyedhulumiwa asioge, asifue nguo, afikishwe hospitalini haraka, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Wazee wakiketi chini ya mti kukadiria ng'ombe wa fidia, saa hizo zinayoyoma. Mkutano wa namna hiyo haumsaidii mtoto hata kidogo, humlinda aliyemkosea.

Kisha, huko huko bwenini, kuna hatari ya moto. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni liliungua katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na wavulana 21 wakafa. Miongozo ya usalama shuleni inataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kwa nje. Mzazi, siku ya kumpeleka mtoto, ingia bwenini uangalie. Kijana, usiku wako wa kwanza, jua mlango wa pili uko wapi kabla ya kulala.

Swali lililo gumu kuliko yote niliulizwa na msichana aliyebaki nyuma wenzake walipotoka ukumbini. Je, kama anayenisumbua ndiye anayenilipia karo?

Nilimwambia karo haimpi mtu ruhusa ya mwili wako. Nikampa nambari 116, simu ya watoto ambayo hailipiwi, na tukatafuta pamoja watu wazima wawili wasiotegemea fedha za huyo bwana. Wa kwanza kumtaja alikuwa senge yake, yaani shangazi. Halafu tukazungumza kuhusu basari ya hazina ya maeneobunge, NG-CDF, na ya kaunti, fomu zinapatikana wapi na ni nani wa kuzitia sahihi, kwa sababu msichana mwenye njia nyingine ya kulipa karo anaweza kusema hapana na kuishikilia.