Farasi wa Jumapili

Tarehe 1 Januari 2023 ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa zamuni Pasadena, California, nikimwogesha mzee ninayemhudumia. Kanisani sikwenda. Wenzangu walikuwa likizo, na aliyepanga zamu hakuuliza nani anasali wapi. Nikamwambia mzee, haya, angalau leo tutatazama mpira wako wa Kimarekani. Akacheka. Rose Bowl, mechi ya vyuo ya Mwaka Mpya hapa Pasadena, haichezwi Jumapili.

Akanieleza. Mwaka 1893 gwaride la maua la Mwaka Mpya la Pasadena lilikutana na Jumapili kwa mara ya kwanza. Farasi wa waumini walikuwa wakifungwa nje ya makanisa; kelele zingewatia kiwewe, ibada ivurugike. Gwaride likasogezwa hadi Jumatatu. Mpira ulipokuja, mwaka 1902, ukairithi desturi hiyo. Leo nje ya makanisa hayo kuna magari tu.

Basi Jumatatu tukatazama: Penn State wa ligi ya vyuo ya Big Ten dhidi ya Utah, mabingwa wa ligi ya Pac-12. Hadi mapumziko ilikuwa 14 kwa 14. Kisha Cameron Rising wa Utah akaumia goti, na Penn State wakashinda 35 kwa 21. Mzee alipiga kelele hadi akakohoa. Mimi kichwani nilikuwa na farasi.

Heshima ambayo sababu yake imekwisha, ni heshima bado? Naweza kubisha kwamba ni mazoea tu. Tena Jumapili ya Marekani siku hizi ni ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo. Hata mechi nyingine za vyuo ziliipisha siku ile, na sidhani kama waliokuwa wakiogopwa ni malaika.

Lakini namkumbuka bibi yangu kule Marangu. Kila Jumamosi alikata majani ya ng'ombe mara mbili ya kawaida, ili kesho yake asishike mundu. Nikiwa na miaka kumi hivi nilimwambia, "Bibi, ng'ombe hajui Jumapili." Akanijibu, "Jirani anajua." Nilidhani anaogopa kusemwa. Sasa naona alikuwa na maana nyingine: akipita na mzigo kichwani mbele ya usharika, kuna mtu ndani atageuza shingo katikati ya sala.

Wale wa 1893, kwa jinsi alivyonisimulia mzee, walifikiri hivyo hivyo. Hawakujifanya kujua kama Mungu anachukizwa na maua. Walijua kuna mtu anasali, na farasi wake yuko nje. Kwangu hiyo ni ibada, hata ikifanywa na asiyeamini, hata farasi wakiisha. Aliyepanga zamu yangu ni mtu wa kanisa, lakini farasi wangu hakumwona.

Tarehe 1 Januari itakuwa Jumapili tena mwaka 2034. Nikiwa hai, siku hiyo msinitafute kazini.