Je, Mpelekaji wa Habari Hana Dhima?

Ukimwuliza mtu kwa nini ameeneza habari ya uwongo, mara nyingi atakujibu: "Mimi sikuitunga, nimeileta kama nilivyoipokea." Wengine huyaandika maneno hayo juu ya ujumbe wanaousambaza kwa simu, kana kwamba ni hirizi ya kuwakinga na lawama. Yafaa, ndugu msomaji, tulipime jibu hili.

Zamani habari ilikuwa na mwenyewe. Saa mbili usiku watu walikusanyika penye redio kuisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Sisemi kwamba redio ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa ya Serikali, na jambo lisilowapendeza wakubwa liliweza kunyamaziwa kabisa. Leo mafuriko ya kijijini hutangazwa na jirani maji yakiwa bado mlangoni. Lakini redio ilipokosea, palikuwa na mlango wa kubisha na mtu wa kuulizwa.

Sasa tazama yaliyotokea India mwaka 2018. Huko Karachi, Pakistan, palikuwa pametengenezwa filamu fupi ya kuwaonya wazazi: watu wawili juu ya pikipiki wanamnyakua mtoto, kisha wanamrudisha na kuonyesha bango lenye onyo. Mtu fulani akaikata sehemu ya mwisho. Kipande kilichobaki kikaenea India kwa WhatsApp, pamoja na uvumi kwamba wezi wa watoto wameingia. Tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, ambako uvumi kama huo ulikuwa umetapakaa, wapita njia watano wa jamii ya wahamaji waombao sadaka walidhaniwa kuwa wezi hao. Walipigwa ndani ya ofisi ya kijiji mpaka wakafa.

Ni nani aliyewaua? Waliopiga, bila shaka. Na watungao uvumi wana sehemu yao. Lakini kati ya hao wamesimama maelfu ya watu ambao kila mmoja alifanya jambo dogo tu, la kugusa kwa kidole, akalala usingizi wake. Hao ndio wasemao, "Nimeileta tu."

Wanao udhuru mmoja wenye nguvu, nao haufai kudharauliwa: "Niliogopea watoto. Heri kuonya bure kuliko mtoto kupotea." Ni maneno ya huruma. Lakini tahadhari hiyo ina gharama, na anayeilipa si yule aliyetuma. Analipa mgeni asiyejulikana kijijini, ambaye hakuulizwa.

Mwezi huo huo wa Julai kampuni ya WhatsApp ilitangaza kwamba mtu wa India asiweze kupeleka ujumbe mmoja mbele kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na Januari 2019 ikauweka mpaka huo dunia nzima. Mpaka hupunguza kasi. Haujui kweli na uwongo.

Wakusanyaji wa Hadithi walikuwa na kipimo kingine. Hawakuridhika na uzuri wa maneno. Walimchunguza kila msimulizi katika mnyororo: alikutana kweli na yule anayemtaja? Ana kumbukumbu nzuri? Ni mkweli? Mmoja akidhihirika kuwa mwongo, masimulizi yake yalikataliwa, japo hakuyatunga yeye. Kwao mpelekaji alikuwa shahidi, naye alilazimika kumtaja aliyemsikia. Maneno "kama nilivyoipokea" hayatuambii hata imepokelewa kwa nani.